Hodi Haikupigwa Ndani ya Ndege

Kwa miaka mingi msafiri wa Ufipa aliyetaka kupanda ndege alianza safari yake kwa basi. Uwanja wa Sumbawanga ulikuwa na njia ya changarawe, na mpango wa kuuweka lami, uliofungwa pamoja na ule wa viwanja vya Shinyanga, Tabora na Kigoma kwa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, ulichelewa mpaka watu wakauzoea ucheleweshaji wenyewe. Basi likamtoa mtu juu ya uwanda, likampitisha Laela, likamfikisha Tunduma baada ya kilomita zaidi ya 200, ndipo akaipata njia ya Mbeya na Uwanja wa Songwe uliofunguliwa Desemba 2012. Mtu hafanyi hayo yote kwa shauku ya kutazama mawingu. Hupanda ndege kwa kuwa ana mgonjwa Muhimbili, au ana msiba Dar es Salaam usiomngoja, au yeye mwenyewe ndiye mgonjwa na daktari amekwisha kuandika barua.

Msafiri huyo ndiye anayeketi dirishani akiwa amejifunika kitenge chake. Katika ndege ya Dash 8-Q400 viti hupangwa viwili viwili, bega kwa bega. Kijana wa kiti cha pili ananyanyua simu, anajirekodi, anawasalimu wafuasi wake, anaonyesha bawa, anaonyesha soda aliyopewa. Na nyuma ya bega lake, kila picha inapogeuka, yumo bibi yule anafuta machozi. Ndege ikigusa ardhi na mtandao ukirudi, machozi yale yamekwisha kutangulia nje kabla ya mwenyewe hajafungua mkanda. Hakuna aliyemwuliza.

Watetezi wa kamera wana jibu lao, nalo hurudiwa kama kibwagizo: ndege ni mahali pa hadhara, na aliyelipa nauli ana haki ya kurekodi safari yake. Nusu ya kwanza ya jibu hili ni uongo na nusu ya pili ni ukweli uliokatwa mkia. Sokoni ni mahali pa hadhara kwa sababu mtu asiyependa kutazamwa ana pa kupita. Hugeuza njia, huingia uchochoroni, huenda zake. Ndani ya ndege mkanda umefungwa, mlango umefungwa, na taa ya onyo inawaka. Asiyetaka picha hana hata mahali pa kuupeleka uso wake isipokuwa kwenye kioo cha dirisha, nacho pia kimo ndani ya picha. Mahali ambapo mtu hawezi kuondoka hapafanani na soko. Hufanana zaidi na chumba cha wageni, na chumba cha wageni kina adabu zake. Kuhusu nauli, kijana amenunua kiti kimoja. Cha jirani kimenunuliwa na jirani.

Watu wa pwani na visiwani hawahitaji kufundishwa neno hili. Mgeni hupiga hodi, na akiipiga mara tatu bila kuitikiwa hurudi alikotoka, hata kama anasikia sauti za watu ndani. Hodi haipigwi kwa sababu mlango una kufuli. Hupigwa kwa sababu aliyemo ndani anastahili muda wa kujitanda, kufuta uso na kukaa vizuri. Simu iliyonyanyuliwa ghafla humnyima mtu muda huo, na ndiyo maana picha ya namna hiyo humkuta mdomo wazi, usingizini, au akimnyonyesha mtoto.

Ufipa nako hakukukosa miiko ya jicho. Juu ya uwanda ule yamesimama bado baadhi ya malungu, matanuri marefu ya udongo ambamo mababu waliyeyusha chuma kabla ya majembe ya madukani kuwaondolea soko. Tanuri lilipojengwa lilitendewa kama bibi harusi, wafua chuma wakashika miiko yao mpaka kazi iishe, na kikapu cha dawa cha bwana wa tanuri hakikufunguliwa mbele ya kila mpita njia. Tanuri lilisimama mahali pa wazi, kubwa kupita kimo cha mtu, na lilionekana na wote. Hata hivyo kuliona kwa mbali hakukumpa mtu idhini ya kutazama kila kilichotendeka ndani yake. Mfipa aliyelelewa na wazee, ambaye humwamkia mkubwa kwa kuinama na kupiga makofi taratibu, hawezi kushangaa akiambiwa kwamba jicho nalo lina ruhusa yake. Anachoshangaa ni kijana aliyesoma asiyeijua.

Wapenzi wa ushairi wana ushahidi mwingine. Malenga wamesutana, wamejibizana, wametiana aibu mbele ya watu. Lakini fumbo lilimwachia mlengwa mlango wa kutokea. Akitaka ataitikia, akitaka atajifanya beti zile zilimlenga mwingine. Kamera haina fumbo. Humtaja mtu kwa uso, kwa nguo, kwa namba ya kiti na kwa saa aliyofika, kisha hualika ulimwengu umtafsiri.

Na ulimwengu hutafsiri. Julai 2018, katika ndege iliyotoka New York kwenda Dallas, abiria mmoja alimwomba mwanamke asiyemjua wabadilishane viti. Mwanamke akakubali, kwa wema tu. Mwombaji akaketi safu ya nyuma na mwenzake, wakaanza kusikiliza mazungumzo ya mwanamke yule na mwanamume aliyekaa kando yake, wakawapiga picha, wakaeleza mtandaoni neno baada ya neno kana kwamba ni mapenzi yanayochipuka. Nyuso walizifunika kidogo. Mamia ya maelfu ya watu walishangilia, na wengine wakaingia kazini: wakamtafuta mwanamke, wakampata, wakalitangaza jina lake, wakamtukana. Alifuta kurasa zake zote, na kupitia wakili akaeleza kuwa hakujua wala hakuridhia lolote lililofanywa. Msimulizi aliomba radhi baadaye. Mwanamke alikuwa amefanya kosa gani? Alimpisha mtu kiti.

Basi na afikiriwe msafiri wa Rukwa mikononi mwa wasimulizi wa aina hiyo. Jina la Sumbawanga, ambalo wenyeji hulieleza kuwa ni wito wa kuutupa uchawi, limegeuzwa na watani wa nchi nzima kuwa jina la uchawi wenyewe. Bibi wa Kifipa akionekana ndani ya ndege, maneno ya chini ya picha yamekwisha kutungwa kabla ya picha: ati leo ungo umeharibika. Watu hucheka. Lakini katika nchi ambayo vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, mzaha unaoambatana na uso halisi wa mwanamke atakayerudi kijijini kwake si mzaha wa kubeba kwa wepesi.

Liko zito kuliko hilo. Machi 2015, mkoani Rukwa, mtoto mdogo mwenye ualbino alivamiwa usiku nyumbani kwao akakatwa mkono. Mwaka huohuo watoto kadhaa wa Kitanzania waliofanyiwa unyama wa namna hiyo walisafirishwa kwa ndege hadi Marekani kuwekewa viungo bandia. Watoto wa namna hii husafiri, hulazwa, hurudishwa, hufichwa kwa jamaa. Picha moja ya mtoto mwenye ualbino akilala juu ya paja la mama yake, iliyopigwa na abiria kwa huruma kabisa, yenye jina la uwanja na saa ya kutua, huwaarifu watu ambao hawakustahili kuarifiwa. Huruma ya mpiga picha haibadilishi kilichomo ndani ya picha.

Itasemwa kwamba kamera ndiyo silaha ya mnyonge, na hapa watetezi wana hoja ya kweli. Aprili 9, 2017, uwanjani O'Hare, Chicago, daktari David Dao aliburutwa kutoka kwenye kiti alicholipia katika ndege ya United, damu ikimtoka usoni. Laiti abiria wenzake wasingenyanyua simu, neno la shirika ndilo lingesimama. Picha zao ndizo zilizolazimisha shirika kuomba radhi na, kabla mwezi ule haujaisha, kupatana naye. Hapana mwenye akili anayetaka simu zile zingezimwa. Lakini zilimwelekea nani? Zilielekea nguvu iliyokuwa ikitumika vibaya, mbele ya mtu aliyekuwa akiomba msaada. Kumrekodi askari anayemburuta abiria na kumrekodi abiria anayelia kimyakimya ni vitendo viwili, na anayevifunga pamoja ili cha pili kipite chini ya heshima ya cha kwanza anajua anachofanya.

Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, watu 19 kati ya 43 waliokuwamo walifariki. Ufukweni siku ile palikuwa na mikono iliyoshika kamba na mikono iliyoshika simu. Picha zilisaidia nchi kujua kilichotokea. Ila wavuvi waliowahi kwenye mlango wa ndege hawakwenda na simu mbele.

Sheria ipo. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda maisha binafsi ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Kenya imekwenda mbele: Septemba 2023 kamishna wa ulinzi wa data aliitoza klabu moja ya starehe shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kuiweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Ni vyema. Ila bibi wa Laela hatafungua shauri, na hata akilifungua, picha itakuwa imekwisha kuzunguka mara elfu.

Kinachotakiwa ni kidogo mno kuweza kukataliwa kwa sababu ya gharama. Wahudumu husimama kabla ya kuruka wakaeleza mkanda, mlango wa dharura, boya, na kuzima simu au kuziweka katika hali ya ndege. Waongeze sentensi moja: abiria apige picha dirisha lake na watu wake, na anayetaka sura ya mwingine, awe abiria au mhudumu, amwombe kwanza. Wasiandike katazo la jumla, kwani hilo litawafaa wakubwa siku watakapomburuta mtu. Na sentensi hiyo isomwe kwa Kiswahili, polepole, kabla mlango haujafungwa, wakati bibi wa dirishani bado ana uwezo wa kuomba abadilishiwe kiti.