Nani aliyehama meza?
Na Mwanaidi Salim

Mpiganaji wangu alikufa Jumamosi kwa dadu ya pande 20 iliyoangukia moja. Mezani hakuna aliyeniuliza mimi ni mchezaji wa kundi gani. Swali hilo lilikuja wakati wa kuosha vikombe.

Michezo hii ya kuigiza wahusika ina majina ya kubandikana tangu utotoni mwake. Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson, iliyotoka 1974, ilizaliwa kwenye michezo ya vita, ambako wakongwe hujiita grognard, yaani wanung'unikaji, lakabu ya askari wazee wa Napoleon. Hilo nalipenda, maana mwenyewe hulivaa huku akicheka. Balaa ni jina la kuvishwa.

Chukua mwaka 2008. Toleo la nne la mchezo huo wa Gygax na Arneson liliwapa wahusika mbinu za kuhesabiwa: hii wakati wowote, hii mara moja kwa pambano, ile mara moja kwa siku. Waliochukia wakasema ni mchezo wa kompyuta ulioletwa mezani. Waliopenda wakawaita wenzao wazee waliogandia ya kale. Mwaka uliofuata kampuni ya Paizo ikatoa Pathfinder, iliyojengwa juu ya kanuni za toleo la tatu, na leseni ya kanuni hizo iliruhusu. Haya, mwasi ni nani? Waliobaki na jina walibadilisha mchezo. Waliobadilisha jina walibaki na mchezo. Kila upande ulimwona mwenzake ndiye aliyehama.

Sisemi majina yafutwe. Ukiniambia meza yako ni ya mtindo wa kikale, nakuja na mhusika wa akiba, maana kifo kiko mlangoni. Ukisema ni ya hadithi, najiandaa kuulizwa mpiganaji wangu anamwogopa nani. Ni sawa na kujua mapema kama harusi ni ya kadi au ya mtaa mzima.

Ron Edwards, mbunifu wa michezo hii, naye aliyagawa malengo ya uchezaji mafungu matatu: changamoto, hadithi na uigaji. Watu wakayageuza makabila. Mimi Jumamosi ile nilihesabu alama zangu kama muuza duka, nikabishana robo saa kama ngao ya mbao inazuia moto, kisha mpiganaji alipoanguka nikashindwa kumaliza chai. Mwenye orodha aniandike wapi? Nimeshaanza kumchora mwingine, mwizi safari hii, na sijauliza hata tutacheza toleo la ngapi.