Ijumaa moja, kutoka Kyoto hadi Kobe

Alitujia ofisini baada ya sala ya alasiri mama mmoja wa mtaani kwetu, mjane na mwalimu mstaafu, mkononi ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwanawe anasomea shahada ya uzamili katika mji wa Kyoto, Japani, na kwa fadhila za Allah alikuwa amemkatia mama yake tiketi ya ndege aende akamtazame kwa wiki mbili za mwezi wa Aprili. Katika siku zote hizo kijana alikuwa na siku moja tu isiyo na masomo wala kazi ya jioni, nayo ni Ijumaa. Mama akaomba jambo moja: apelekwe akasali katika msikiti wa Kobe, kisha warejee siku hiyo hiyo.

"Mwanangu Katibu," alituambia, "kijana anataka kunipandisha ile treni yao ya kasi. Mimi najua anakula nini mwisho wa mwezi. Nitafutieni njia rahisi, lakini asijue kuwa ni mimi niliyeitaka."

Hatukumwambia kwamba usiku uliotangulia kijana naye alikuwa ametuandikia ujumbe, akituomba tumshawishi mama yake akubali treni ya kasi, kwa kuwa magoti yake hayawezi tena masafa. Tukawa na amana mbili zinazovutana. Tukaona njia ya kuwatendea haki wote wawili ni kukaa na ratiba na kuhesabu.

Msikiti wa Kobe ndio wa kwanza kujengwa nchini Japani. Ulifunguliwa mwaka 1935 kwa michango ya Waislamu wafanyabiashara waliokuwa wakiishi katika mji huo wa bandari, wakiwemo Wahindi na Watatari. Ulibaki umesimama baada ya mabomu ya mwaka 1945 kuuteketeza mji, na ukasimama tena baada ya tetemeko kubwa la Januari 1995. Si ajabu kwamba mama aliutamani.

Kutoka Kyoto hadi stesheni ya Sannomiya, iliyo katikati ya Kobe, ni kilomita 73 za reli, na njia zilizo mbele ya msafiri ni tatu. Ya kwanza ni Shinkansen, treni ya kasi, ambayo huchukua takriban nusu saa kwa nauli ya karibu yeni 2,900 kwa mtu mmoja, na kuwekewa kiti maalumu huongeza yeni mia kadhaa. Ya pili ni treni ya kawaida ya shirika la JR iitwayo Shinkaisoku, isiyosimama kila kituo; huchukua kama dakika 50, na nauli yake ni takriban yeni 1,100. Ya tatu ni ya shirika binafsi la Hankyu, inayoanzia stesheni ya Kyoto-Kawaramachi. Abiria hubadili treni mara moja, mahali paitwapo Juso, na safari nzima huchukua kama dakika 70 kwa takriban yeni 640.

Mwenye kutazama dakika za treni peke yake atasema bila kusita kwamba Shinkansen imeshinda. Lakini msafiri haanzi safari yake ndani ya treni. Huianza mlangoni mwa nyumba alimolala, na huimaliza anapovua viatu mlangoni mwa msikiti. Hapo ndipo hesabu inapobadilika.

Kijana anaishi karibu na mto Kamo, mwendo wa dakika 10 kwa miguu hadi Kyoto-Kawaramachi. Stesheni kuu ya Kyoto, zinakopita Shinkansen na Shinkaisoku, iko mbali naye, yapata dakika 20 kwa basi. Tena Shinkansen haiingii katikati ya Kobe, husimama Shin-Kobe. Neno "Shin" maana yake ni "mpya", na msomaji akiliona katika jina la stesheni ya Japani na ajiulize kwanza mpya hiyo imejengwa wapi. Reli ya kasi ilipofikishwa huko mwaka 1972 ilihitaji njia iliyonyooka, kwa hiyo ikapitishwa ndani ya milima, na stesheni ikawekwa chini ya mlima, nje ya kitovu cha mji. Mwenye magoti mazima anaweza kutembea kutoka hapo hadi msikitini. Mwenye magoti mabovu hana budi kushuka kwenye treni ya chini ya ardhi, apande kituo kimoja hadi Sannomiya, ndipo atembee taratibu kama dakika 15.

Tukajumlisha. Kwa Shinkansen: basi dakika 20, kuingia stesheni na kusubiri 15, treni 30, treni ya chini ya ardhi pamoja na kushuka na kupanda 15, kutembea 15. Jumla 95. Kwa Shinkaisoku: basi 20, kusubiri 10, treni 50, kutembea 15. Jumla 95. Kwa Hankyu: kutembea 10, kusubiri 5, treni pamoja na kubadili 70, kutembea 15. Jumla 100. Mama aliitazama karatasi akacheka. Treni ya kasi, kwa nauli inayozidi mara nne ile ya Hankyu, ingemwokolea dakika tano.

Muda ulipokuwa umelingana hivyo, tukauliza swali la pili: mama atakaa au atasimama? Shinkaisoku hutokea mbali mashariki, na huweza kufika Kyoto ikiwa imekwisha kujaa. Hankyu huanzia Kawaramachi. Anayesubiri pale huingia katika treni tupu na kuchagua kiti. Kadhalika, katika reli nyingi za eneo la Osaka na Kyoto yamo mabehewa ya wanawake, yenye alama ya rangi ya waridi, ambamo watoto wadogo wa kiume pia huruhusiwa. Ubaya wa Hankyu ni kule kubadili jukwaa pale Juso, lakini lifti zipo, na treni hupishana kwa dakika chache tu. Kwa kwenda, basi, tukachagua Hankyu. Mama akapata urahisi wa bei alioutaka bila ya kulazimika kuuombea.

Kurudi kulikuwa na hukumu yake. Mama alikuwa amenuia kukaa Kyoto wiki mbili, na kilomita 73 hazifiki kipimo cha safari kinachofuatwa na wengi katika madhehebu ya Shafi, ambacho ni kilomita 80 na ushei. Kwa hiyo hakuwa na ruhusa ya kukusanya wala kupunguza. Alasiri ilibidi aisali kwa wakati wake. Nyakati za sala za Kobe ni nyepesi kukumbuka, kwa sababu mji jirani wa Akashi uko juu ya mstari wa longitudo 135 mashariki, ambao ndio msingi wa saa ya Japani nzima. Hapo jua hupita katikati ya mbingu karibu sana na saa sita kamili za mchana, na mwaka mzima hupishana nayo kwa kiasi cha robo saa tu. Katikati ya Aprili alasiri huingia karibu na saa tisa na dakika 40, na magharibi karibu na saa kumi na mbili na nusu.

Ukisali alasiri msikitini, ukafika stesheni saa kumi na nusu, unakutana na watu wanaoanza kutoka makazini. Treni za Sannomiya zinakuja kutoka magharibi zikiwa na abiria wake, na ile ya Kyoto inayopita Juso imekwisha kujaza Osaka, kituo kimoja nyuma. Mama mwenye umri ule, baada ya siku nzima, angesimama. Saa hiyo ndipo Shinkansen inapokuwa na thamani ya nauli yake, kwani yeni zile hazinunui tena dakika, zinanunua kiti. Tukamwandikia kijana: treni ya kasi mpandishe mama wakati wa kurudi, na kiti mwekee mapema.

Kwa wazazi wanaopanga safari kama hii wakiwa na watoto, ni vyema wajue kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 11 hulipiwa nusu, na walio chini ya miaka 6 husafiri bure, wawili kwa kila mtu mzima. Kadi ya ICOCA hutumika katika JR na Hankyu pia, lakini Shinkansen huhitaji tiketi yake. Na wale wanaoshauriwa kununua pasi ya JR ya siku saba wahesabu kwanza: tangu Oktoba 2023 bei yake ilipanda kutoka yeni 29,650 hadi 50,000. Aliyetulia mji mmoja na kutoka siku moja atapata hasara. Saa ya khutba nayo iulizwe msikitini wenyewe kabla ya kuondoka, kisha msafiri ahesabu kurudi nyuma hadi mlangoni kwake.

Mama amekwisha kurejea salama, alhamdulillah. Alikwenda akiwa amekaa dirishani, akafika msikitini kabla ya adhana, na jioni akapandishwa Shinkansen. Anasema hakuwahi hata kuikunjua tasbihi yake, mara Kyoto imefika. Alipomwuliza mwanawe nauli, aliambiwa, "Ni nafuu tu, mama." Juzi alikuja ofisini kutuuliza sisi.

Tulinyamaza. Lakini wasomaji wana haki ya kuijua bei, nasi tumeiandika hapo juu. Na mama huyo hajawahi kukosa gazeti hili tangu tuanze ukurasa huu. Tunamwomba mwanawe atuwie radhi. Siri ya mama yake nayo tumeitoa, kwa hiyo wamelingana.