Uchambuzi: Samatta alidumu miezi minane tu Aston Villa. Je, timu ya Dilala ingepata nini?

Kila mercato ya Ulaya inapofunguliwa, swali lile lile linarudi kando ya viwanja vya vumbi vya komine ya Dilala, hapa Kolwezi. Kijana akiitwa na timu ya Uingereza, hata kama ni ya mkiani, aende au angoje? Wengine wanasema timu inayoshuka daraja humzika mshambuliaji. Wengine wanajibu kwamba mlango ni mlango, ingia kwanza. Na pande zote mbili zinatumia mfano mmoja: Mbwana Samatta.

Samatta ni Mtanzania, lakini huku Katanga watu wanamhesabu kama mtoto wa nyumbani. Alitua Lubumbashi mwaka 2011 akitokea Simba ya Dar es Salaam, baada ya timu hiyo kukutana na TP Mazembe katika Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Akakaa mpaka Januari 2016. Mwaka 2015 Kunguru walipochukua kombe hilo kwa mara ya tano, alifunga penalti katika mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger, kule Algiers na pale Kamalondo. Miezi miwili baadaye alitangazwa mchezaji bora wa Afrika kati ya wanaocheza barani. Halafu Genk ya Ubelgiji, ubingwa wa nchi mwaka 2019, na bao la kichwa Anfield dhidi ya Liverpool mwezi wa Novemba mwaka huohuo.

Tarehe 20 Januari 2020 akasaini Aston Villa mkataba wa miaka minne na nusu. Vyombo vya habari vya Uingereza vilitaja ada ya pauni milioni 8.5. Tarehe 25 Septemba mwaka huohuo alikuwa tayari Uturuki, kwa mkopo Fenerbahçe. Mechi 16, mabao 2. Hakurudi tena.

Ukisoma tarakimu hizo peke yake, utasema alishindwa. Mimi nasema tuangalie kwanza alinunuliwa kwa ajili gani.

Siku ya mwaka mpya 2020, mshambuliaji wa kati wa Villa, Mbrazili Wesley, aliumia goti kule Burnley na msimu wake ukaisha hapohapo. Mwezi huohuo Jonathan Kodjia aliuzwa Qatar. Timu iliyokuwa inapigania uhai wake ikabaki karibu bila mtu wa mbele. Kocha Dean Smith hakuwa anatafuta mtu wa kujenga naye miaka mitano. Alitafuta mtu wa kuziba tundu, tena haraka, na Samatta alikuwa karibu, mwenye jina na bei inayovumilika.

Mwanzo haukuwa mbaya. Tarehe 28 Januari alicheza nusu fainali ya Kombe la Ligi, Villa ikaitoa Leicester. Siku nne baadaye, mechi yake ya kwanza ya ligi, alifunga kwa kichwa dhidi ya Bournemouth, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga katika Ligi Kuu ya Uingereza. Villa ilipoteza 2-1. Tarehe 1 Machi akafunga tena, safari hii Wembley, katika fainali dhidi ya Manchester City: krosi ya El Ghazi, Samatta akajirusha, kichwa, wavu. Villa ilipoteza tena 2-1. Mabao yote mawili yalifungwa katika mechi za kushindwa, na hilo ndilo linalofanya yasahaulike upesi.

Halafu Covid ikafunga viwanja. Ligi iliporudi Juni, Villa ilicheza mechi kumi zilizobaki ikafunga mabao 7 tu. Waliofunga? Trézéguet wa Misri matatu, mabeki watatu bao moja moja, na kapteni Jack Grealish moja siku ya mwisho. Hakuna hata mshambuliaji wa kati mmoja aliyepata bao. Timu ilikuwa inakaa nyuma, inalinda, inangoja. Mtu wa mbele katika timu kama hiyo anakimbia dakika tisini akifukuza mipira mirefu isiyo yake, kisha anaulizwa mabao yako wapi.

Villa ilinusurika kwa pointi moja. (Wanaopenda bahati wakumbuke tarehe 17 Juni: mpira wa Sheffield United ulivuka mstari mikononi mwa kipa wa Villa, mtambo wa goli haukulia, mechi ikaisha 0-0.) Baada ya kubaki daraja la juu, klabu ilipata pesa na muda. Septemba ikamnunua Ollie Watkins kutoka Brentford, mchezaji ambaye Smith alikuwa amemfundisha hukohuko. Tundu likazibwa na mtu waliyemtaka tangu mwanzo. Kwa Samatta, nafasi iliisha.

Sasa weka pembeni habari ya Mkongomani. Novemba 2017, Youssouf Mulumbu, kiungo aliyezaliwa Kinshasa na aliyekuwa kapteni wa Leopards walipochukua nafasi ya tatu Afrika mwaka 2015, alikuwa hana timu baada ya Norwich. Akaenda Kilmarnock ya Scotland, timu iliyokuwa imeanza ligi vibaya mno na kukaa mkiani, kwa mkataba mfupi. Chini ya kocha Steve Clarke, Kilmarnock ilipanda mpaka nafasi ya tano. Msimu uliofuata Celtic ikamchukua, lakini hakucheza sana, na Januari 2019 akarudishwa Kilmarnock kwa mkopo. Kwa hiyo timu ndogo inayozama ilimfaa kuliko klabu kubwa ya makombe. Kweli, Mulumbu ni kiungo, hakuna anayemhesabia mabao kila wiki, lakini pia kocha alijua kazi gani anamtakia.

Mpaka hapo ni mazungumzo ya kijiweni. Pesa ndiyo inayogeuza hadithi hizi mbili.

Mulumbu aliingia Kilmarnock bila ada. Mafanikio yake yale hayakuacha hata dola moja kwa waliomlea, kwa sababu pasipo na ada hakuna cha kugawa. Samatta, anayeitwa mshindwa, alihama kwa ada, tena kutoka nchi moja kwenda nyingine. Kanuni za FIFA zinasema asilimia 5 ya ada kama hiyo inakatwa na kugawanywa kwa timu zilizomlea mchezaji tangu msimu wa kutimiza miaka 12 mpaka ule wa miaka 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 ni asilimia 0.25 ya ada; kila msimu wa miaka 16 hadi 23 ni asilimia 0.5.

Tufanye hesabu. Samatta alizaliwa Desemba 1992. Mazembe ilimshika kuanzia msimu aliotimiza miaka 19 mpaka katikati ya ule wa miaka 23, yaani misimu minne na nusu hivi. Ni zaidi kidogo ya asilimia 2. Kwa ada iliyotajwa, haki ya Mazembe ingekaribia pauni 190,000, na timu za Dar es Salaam alizopitia utotoni nazo zina fungu lao. Haki hiyo haiulizi alifunga mangapi. Angefunga ishirini au sifuri, asilimia ni ileile.

Turudi Dilala. Tuseme mvulana analelewa na timu ya mtaa hapa tangu miaka 12 mpaka 17, kisha anachukuliwa Lubumbashi, na siku moja anauzwa kati ya nchi mbili kwa euro milioni moja, bei ambayo Ulaya ni ya kawaida kabisa. Timu ya Dilala ingestahili asilimia 2: euro 20,000. Kwa timu inayochanga falanga za mafuta ya basi, hiyo ni misimu kadhaa ya maisha.

Lakini ni lini mvulana wa miaka 12 hapa anaandikishwa? Kwa wengi, leseni ya kwanza inatolewa anapokwenda kwenye timu kubwa, akiwa na miaka 17 au 18. Na wapo ambao umri wao unapunguzwa kwa kalamu ili wacheze mashindano ya vijana. Watu wanaona ni ujanja, kumbe kila tarehe iliyobadilishwa inavuruga hesabu ya misimu, na timu iliyomlea kweli inaweza kukuta jina lake halipo.

Tangu Novemba 2022 malipo haya yanapitia ofisi maalumu ya FIFA iliyoko Paris, na msingi wake ni pasi ya elektroniki ya mchezaji, inayojengwa kutokana na usajili wa shirikisho la kila nchi. Kwetu ni FECOFA. Zamani timu ililazimika kumfukuzia mdeni yenyewe, kwa barua na mawakili. Siku hizi mfumo unaanza wenyewe ada inapolipwa, ila unasoma kile tu kilichoandikwa. Picha za timu, ushahidi wa majirani, kumbukumbu za kocha mzee, havijazi nafasi tupu ya msimu ambao mtoto hakusajiliwa.

Kwa hesabu hiyo, mvulana wa miaka 12 atakayepewa leseni Dilala msimu huu anaanza kuhesabiwa msimu huu. Mwenzake anayecheza naye kila jioni bila leseni ataanza kuhesabiwa siku atakayofika Lubumbashi.