Kabla ya Sumu, Chuneni Mzoga

Wakubwa zangu wa Mugumu, Serengeti, nina hasira.

Ile video mliyoirusha kwenye kundi la ukoo nimeitazama mpaka mwisho. Vijana wanashangilia, mmoja anapiga mluzi, na chini kwenye vumbi amelala mbweha mgongo-mweusi, umbo lake halimzidi mbwa koko aliyekonda. Sauti ya kaka yangu inasikika kabisa: "Mbwa mwitu tumemmaliza!" Mbuzi kumi na mmoja waliouawa zizini kwa usiku mmoja, kawaua huyo? Peke yake? Halafu chini ya video mmoja wenu anauliza bei ya ile dawa ya wadudu ya dukani, ya kumwagia mabaki ya nyama ili "wenzake nao waonje". Niliweka simu mezani, nikatoka nje bila koti.

Nawaandikia kutoka Minnesota, jimbo lenye mbwa mwitu wa porini zaidi ya elfu mbili. Wale wakubwa wa kijivu, si hawa wetu wenye mabaka na masikio ya duara. Kwa hiyo msiniambie kwamba huku ughaibuni hatujui habari ya wanyama wakali. Wanaishi na ng'ombe wa watu, wanaua ndama, na wenye ndama wanalalamika kama mnavyolalamika ninyi. Tofauti ni kinachofuata asubuhi yake.

Kaskazini kabisa, katika mji mdogo wa Ely, karibu na mpaka wa Kanada, kuna International Wolf Center, kituo kilichofunguliwa mwaka 1993. Niliipeleka familia. Mbwa mwitu wanakaa ndani ya uzio wenye miti na mawe, nanyi mnawatazama kupitia vioo vikubwa. Wamelelewa na watu tangu wangali vitoto, kwa chupa ya maziwa, ili wasiishi kwa kihoro kila wanapoona mgeni. Porini hawataachiwa kamwe. Tuliwakuta wametupiwa mzoga wa kulungu. Mmoja alikuja hadi karibu na kioo, akakanyaga ubavu kwa mguu wa mbele, mguu mpana kuliko kiganja changu, akavuta nyama kwa shingo yote huku mwenzake akisubiri pembeni, mkia chini, masikio yamelala. Mfupa ulipovunjika tuliusikia. Watu wakapiga picha. Mimi nikawaza kwamba nimelipa kiingilio ili nimtazame mnyama akila, na kaka yangu usiku huohuo anakesha zizini na tochi iliyoisha betri. Wazo hilo sikumwambia mtu.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa mezani, ukumbini. Wameweka mafuvu na nyayo za plasta, na mtoto yeyote anaruhusiwa kushika. Binti yangu mdogo, asiyejua hata mto wetu unapoanzia, alinishika mkono akanifundisha. Huyu ni mbwa mwitu, baba: pua pana, masikio mafupi yenye ncha butu, miguu mirefu, kilo thelathini mpaka arobaini na zaidi. Huyu ni koyote: pua nyembamba, masikio makubwa yaliyochongoka, kilo kumi mpaka ishirini. Unyayo wa mbwa mwitu una urefu wa sentimita kumi au zaidi, wa koyote sita au saba. Mbwa mwitu hulia mlio mrefu mzito, koyote hubwekabweka na kupiga vijikelele, wawili tu ukadhani ni kumi. Na usidanganywe na manyoya ya baridi, yanamfanya koyote aonekane mkubwa. Jioni, tukirudi, mnyama alikatiza barabara mbele ya taa. Rafiki yetu wa Tabora aliyekuwa kiti cha mbele alipiga kelele, "Fisi!" Binti akasema kutoka nyuma, bila hata kunyanyuka, "Masikio hayo ni ya koyote."

Msidhani wanajifunza kwa mapambo. Koyote katika jimbo hili hana ulinzi, unaweza kumpiga risasi mwezi wowote wa mwaka. Mbwa mwitu analindwa na sheria ya shirikisho, ukimpiga kwa kumdhania koyote unaweza kupata kesi. Na fidia iko hivyohivyo: mfugaji akiuliwa ndama na mbwa mwitu, jimbo linamlipa; akiuliwa na koyote, pole. Kwa hiyo kila mtu ana sababu ya kutaka kujua ni nani hasa aliyeua.

Na wanajuaje? Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, hata kama hamtasoma kingine. Mwenye mali haruhusiwi kuuchezea mzoga. Anaufunika kwa turubai, mbwa na ndege wasiuguse, anapiga simu. Anakuja ofisa. Haangalii umati unasema nini. Anachuna ngozi. Mahali meno yalipoingia, anatazama nyama ya chini: kama pamevia damu, mnyama aling'atwa akiwa hai, moyo unapiga. Kama hapakuvia, alikuwa amekwisha kufa kwa ugonjwa au kwa kuzaa, na aliyekuja usiku alikuja kula kilichokwisha lala. Kisha anapima nafasi kati ya matundu ya meno, anatazama yako wapi. Mbwa mwitu wa huku hushambulia ndama mapajani, ubavuni na mabegani. Koyote hupenda koo. Anaandika, anapiga picha, anasaini. Bila karatasi hiyo hakuna hela.

Sasa turudi kwetu. Mbuzi kumi na mmoja. Kaka alituma picha zao kabla ya ile video, nami nimezikuza mpaka simu ikawa moto. Masikio yamechanwa. Miguu ya nyuma imetafunwa. Mbuzi wameumwa ovyo kila mahali, na hakuna hata mmoja aliyeliwa! Chui kwa kawaida angemkaba mmoja koo akaondoka naye. Fisi angevunja mifupa na kubeba. Mbwa mwitu wetu wa mabaka wangefungua tumbo na kula upesi, msingekuta nyama ya kupiga picha. Mbweha huiba kitoto cha mbuzi, akizidisha sana. Anayeua kumi na mmoja kwa mchezo na kuwaacha, wakubwa zangu, kwa kawaida ni mbwa wa nyumbani anayelala mchana kwenye kivuli cha ukumbi wa mtu. Mbwa wa nani, mnajua kuliko mimi. Mmemuua mbweha kwa sababu mbweha hana jirani wa kumtetea.

Nadai kitu kimoja tu. Kila kijiji kiwe na mkaguzi wa mzoga. Si mradi, si semina ya siku tatu hotelini Musoma ambayo posho yake tunajua inaliwa na nani. Kijana mmoja au binti mmoja asiyeogopa damu, afundishwe na bwana mifugo na askari wa wanyamapori, apewe kisu, futi ya fundi cherehani, daftari na simu yenye kamera. Mnyama akiuawa, mzoga ufunikwe, aitwe yeye kabla ya mtu yeyote kushika fimbo. Achune shingo na mapaja, apime, apige picha nyayo pia: zenye alama za kucha kwa kawaida ni za jamii ya mbwa au fisi, zisizo na kucha fikiria chui. Aandike. Daftari likae kwa mtendaji, nakala kwa mwenye mali. Kila mwaka mnalalamika kwamba kifuta jasho cha serikali hakifiki. Kitafikaje, mkipeleka malalamiko ya mdomo na ngozi iliyokwisha uzwa?

Na ukutani pa ofisi ya kijiji zibandikwe picha: fisi, chui, mbwa mwitu, na mbweha wote. Wasomi walipochunguza vinasaba mwaka 2015 walikuta kwamba yule tuliyezoea kumwita mbweha wa dhahabu, anayezurura kwenye tambarare zetu za Serengeti, yuko karibu zaidi na mbwa mwitu wa kijivu na koyote kuliko na mbweha wa Asia aliyechangia naye jina. Nimesafiri mpaka Ely kutazama kwenye kioo ndugu wa mnyama anayepita nyuma ya shamba la mama.

Kuhusu sumu sitasema mengi. Mnakumbuka Masai Mara, Desemba 2015, simba wale mashuhuri wa televisheni walivyotegewa nyama yenye sumu baada ya ng'ombe kuuawa. Sumu haichagui: anakufa simba, anakufa tumbusi aliyeshuka juu yake, anakufa mbwa wako, na mtoto anachezea hapohapo. Mbwa mwitu wetu wa mabaka wa tambarare za Serengeti walitoweka mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ilipofika 2012, wale wa Loliondo, waliochukiwa na wafugaji, walikamatwa wakaletwa upande wetu kuanza upya. Mkiwamaliza hawa kwa chambo, Loliondo haina wengine wa kutugawia kila siku.

Najua mtasema nini. Kwamba ni rahisi kuongea ukiwa kwenye joto la hita. Kwamba mimi nilikuwa mchungaji mvivu, nikaondoka nikawaachia mifugo na baba mgonjwa. Ni kweli niliondoka, na zamu ya zizi ilikuwa yangu. Lakini picha zile nimezisoma mimi, huku, kwa simu, wakati ninyi mlikuwa mmesimama juu ya mizoga.

Kaka, mkutano wa kijiji unaokuja, simama uiweke ajenda hiyo. Kisu, daftari na mafuta ya pikipiki ya bwana mifugo kwa mwaka wa kwanza nitatuma mimi, kwa namba yako ileile. Na leo jioni, kabla ya kulala, nenda kawafunge mbwa.

Mdogo wenu,
Duluth, Minnesota