Laptopu ikikataa kukufungulia, usikubali ifomatiwe kabla ya maswali

Kuna mchezo mmoja hapa Longisa ambao lazima tuuongelee, na najua Bomet mjini, Kericho na Nairobi pia upo. Laptopu ya msee inakataa neno la siri. Msee anaibeba mbio hadi kwa fundi. Fundi anaitazama dakika mbili, kisha anatoa hukumu: "Hii tufomati tu." Mwenye mashine anaitikia kwa kichwa, analipa, na jioni anarudi nyumbani na laptopu inayowaka vizuri sana, ila ndani haina kitu.

Msimamo wangu ni huu: kufomati isiwe dawa ya kwanza, na wateja tuache kuikubali kama dawa ya kwanza. Laptopu ikikataa kukufungulia, mara nyingi haijaharibika. Ni nyumba imefungwa na vitu vyako vyote vimo ndani vilevile. Hakuna mtu hupoteza ufunguo akaita tingatinga.

Na vitu vyenyewe si vidogo. Mei 2023 waandamanaji Kericho waliteketeza mashine za kuchuna majani chai, kwa hasira kwamba zinawanyang'anya watu vibarua. Vijana wa huku tumeimbiwa wimbo mmoja miaka yote: ingieni mtandaoni. Ajira Digital yenyewe ilizinduliwa 2016. Sawa, tumeingia. Kuna anayeandika maneno kutoka kwa rekodi za sauti, kuna anayehariri video za harusi, kuna mwenye mradi wa mwaka wa nne ambao hajautuma kwa mhadhiri. Mimi niliacha chuo, na kila shilingi ninayopata hupitia kwa hii kibodi. Kwa hivyo mtu akifomati kazi ambayo mteja hajalipia, amenichomea shamba.

Sasa, kabla hujapanda boda kwenda kwa fundi, anza na kile kisicho na gharama.

Kwanza, kibodi. Laptopu nyingi tunazonunua ni mtumba wa kutoka Uingereza. Kwenye kibodi ya Waingereza, alama ya @ iko upande wa Enter. Kwa mpangilio wa Marekani, iko juu ya namba 2. Ikiwa mashine ina kibodi ya huku lakini imepangwa kwa mtindo wa kule, utabonyeza @ na itaandika alama ya kunukuu. Wewe unaona vidoti tu, unaapa neno lako ni sahihi, nayo inakukatalia. Bonyeza kile kijicho kilicho kando ya kisanduku uone unachoandika hasa. Angalia pia kama Caps Lock imewaka. Usicheke, watu wamelipa pesa kwa hii.

Pili, soma unaulizwa nini. PIN ni ya hiyo mashine pekee. Neno la siri la akaunti ya Microsoft ni kitu kingine, na ukilisahau unaweza kulibadilisha kwa simu yako. Lakini laptopu haitajua umelibadilisha mpaka iingie mtandaoni. Washa hotspoti ya simu, kisha bonyeza alama ya mtandao iliyo pembeni chini kwenye ukurasa huohuo wa kuingilia. Kama bando limeisha, jaribu neno la zamani, kwa sababu huenda mashine bado inalikumbuka hilo.

Tatu, ukiona skrini ya buluu inayodai ufunguo wa tarakimu 48, hapo simama kabisa. Hiyo ni BitLocker. Inaweza kutokea baada ya sasisho au baada ya kifaa fulani cha ndani kubadilishwa. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, na unaweza kuusoma kwa simu. Faili zilizofungwa hivyo zikishafomatiwa, hakuna fundi wa Longisa wala wa California atakayekurudishia.

Nne, kama neno linakubaliwa lakini mashine inakurudisha palepale, au inasema haiwezi kufungua wasifu wako, shikilia Shift huku ukibonyeza Restart, utafute njia ya kuingia kwa Safe Mode. Ikishindikana, fundi anayejua kazi anaweza kuwasha mashine kwa flashi yenye Linux na kunakili faili zako kwanza, mradi diski haijafungwa kwa BitLocker. Baada ya hapo afomati akitaka, hakuna tatizo.

Tano, kama umenunua mtumba na mashine inadai akaunti ya kampuni fulani ya ng'ambo, kufomati hakutasaidia. Ikiingia tu mtandaoni, kampuni inarudi. Hiyo mrudishie aliyekuuzia. Na ukinunua nyingine, ianzishe upya palepale dukani ikiwa kwenye intaneti, kabla hujatuma pesa.

Najua mafundi watasema mimi naongea kwa sababu silipi kodi ya duka lao. Wana hoja. Mteja anasimama kaunta anauliza "itakuwa tayari saa ngapi?" na hataki kulipia muda wa kuchunguza. Kufomati kunajulikana kutachukua muda gani, kuchunguza hakujulikani. Basi na sisi tubadilike. Hospitalini tunalipa kupimwa kabla ya dawa, na hatulalamiki kwamba daktari ametumia muda kutuuliza maswali. Tulipe fundi anayechunguza, hata kama mwishowe tatizo lilikuwa alama moja ya @.

Tena fundi akikuuliza kama mashine ni yako, usikasirike. Sheria ya 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta inafanya kuwa kosa kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini. Huo mlango umewekwa kwa faida yako pia, kwa siku ambayo laptopu yako itaangukia mikono ya wengine.

Kwa hivyo ukifika kaunta, uliza mambo matatu kabla hujaiachilia mashine: Imekataa kwa nini? Faili zangu ziko wapi saa hii? Utazinakili wapi kabla hujagusa kitu? Fundi akishindwa kujibu hata moja, chukua laptopu yako utafute mwingine.

Na leo usiku, ukiwa bado unaingia bila shida, fungua akaunti yako uangalie namba ya simu iliyowekwa ya kukurudisha. Wengi wetu tumebadilisha laini mara tatu tangu Form Four, na msimbo unatumwa kwa laini ambayo ilishazimwa. Weka namba unayotumia sasa. Nakili ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye karatasi, uweke mahali unapoweka kitambulisho. Ni dakika kumi tu za kazi.