Tulipe ushauri wa daktari, si wingi wa dawa

Mtu mwenye mafua na koo linalowasha akiingia katika kliniki ya kibinafsi mtaani, si ajabu akatoka na mfuko wenye dawa za aina nne au tano: ya maumivu, ya kikohozi, ya kukausha mafua, vitamini na, juu ya hayo yote, antibiotiki. Huenda pia akadungwa sindano. Akifika nyumbani, jamaa zake humsifu daktari huyo kuwa hodari.

Lakini mafua huletwa na virusi, nazo antibiotiki huua bakteria wala haziwezi kuua virusi. Mgonjwa huyo kwa kawaida angepona baada ya wiki moja hivi kwa kupumzika, kunywa vitu vya majimaji na kumeza parasetamoli ya kutuliza maumivu. Pesa alizolipia antibiotiki zimepotea bure, na huenda zikamletea kuhara au vipele.

Kwa nini basi daktari aliyesoma miaka mingi hufanya hivyo? Mimi pia nina kliniki ya kibinafsi, na najua kwamba sababu si ujinga. Katika kliniki nyingi, anayeandika dawa ndiye anayeiuza. Ada ya kumwona daktari huwa ndogo, au hujumuishwa katika bei ya dawa. Kodi ya nyumba na mshahara wa muuguzi hutokana na faida ya vidonge. Mgonjwa naye, akiambiwa hahitaji dawa, huona amepunjwa, na kesho huenda kliniki ya jirani. Hivyo daktari anayetoa ushauri wa kweli hufunga mlango, na anayejaza mfuko hustawi.

Hasara haimpati mgonjwa mmoja tu. Kila antibiotiki inayotumiwa ovyo huwapa bakteria nafasi ya kuwa sugu. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka wa 1928, alitoa onyo kuhusu jambo hili alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka wa 1945. Sisi Wakenya tumekwisha kuona dawa ikishindwa. Klorokwini ilitibu malaria kwa miaka mingi, lakini mwaka wa 1998 serikali ililazimika kuibadilisha. Mwaka wa 2004 serikali iliamua kuibadilisha pia dawa iliyochukua nafasi yake. Siku ambapo mtoto mwenye nimonia atapewa antibiotiki isifanye kazi, hakuna atakayekumbuka mafua yaliyotibiwa kwa dawa hiyo hiyo.

Sisemi dawa hizi ni mbaya. Nimonia na homa ya matumbo huzihitaji, tena kwa kipimo kamili na kwa siku zote zilizoandikwa. Mtoto anayepumua kwa kasi au anayeshindwa kunyonya apelekwe hospitalini mara moja.

Maoni yangu ni kwamba madaktari tutoze ada ya kumpima mgonjwa na kumshauri, iandikwe kwenye risiti kando na bei ya dawa, na ilipwe hata kama hakuna dawa iliyotolewa. Pili, tuandike jina halisi la dawa, kwa mfano amoksilini, badala ya jina la kibiashara pekee, ili mgonjwa aweze kuinunua katika duka la dawa alitakalo kwa bei anayoimudu.

Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji. Huo ni uji. Kwa upande wa dawa, mgonjwa na aulize. Nina ugonjwa gani? Dawa hii ni ya nini? Nisipoitumia itakuwaje? Je, kuna ya bei nafuu? Daktari anayejua kazi yake hatakasirishwa na maswali hayo. Naye akikwambia nenda nyumbani ukapumzike, mlipe ada yake na umshukuru, kwani amekufanyia kazi.