Mhusika Mkuu si Orodha ya Sifa

Uhakiki wa wahusika vyuoni umegeuzwa orodha: jasiri, mzalendo, mwenye busara. Orodha hiyo haimtoshi Kinjeketile katika tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969. Kinjeketile analitilia shaka neno la maji alilolitangaza mwenyewe. Hata hivyo, akiwa kifungoni anakataa kulikana, kwani kulikana kungewafanya watoto wa kesho waamini kwamba wazazi wao walikosea kumpinga Mjerumani. Je, huyu ni mwenye shaka au mwenye msimamo? Ni yote mawili, na ukuu wake umo katika mgongano huo. Mwanafunzi anayeorodhesha sifa bila kufuatilia mgogoro wa nafsi amemhesabu mhusika meno, hajamsikiliza. Watahini nao waache kuituza orodha.